Mkate wa nyama wa mama umegoma? Uliza nyama, maji na moto

Daftari la mama lina ukurasa mmoja uliolainika kwa mafuta hata maandishi ya upande wa pili yanaonekana. Juu ameandika "Mkate wa nyama", na chini yake mistari sita tu: nyama ya kusaga ratili 2, slesi 3 za mkate wa jana, yai 1, kitunguu 1, maziwa na chumvi kiasi, moto 350 saa 1. Aliuandika akiwa msichana kwenye darasa la sayansikimu, na miaka yote tuliyokua mkate ule haukuwahi kumgomea. Alipopumzika jikoni tulipeana ukurasa ule kwa picha za simu, na tangu hapo ndugu zangu hawajaacha kunipigia. Wa kwanza alikuwa mdogo wangu: "Dada, nimefuata kila alichoandika mama. Umetoka mkavu kama tofali, na juu umepasuka."

Alikuwa amefuata kweli. Ila mama aliandika ratili, yeye akapima kilo. Ratili moja ni gramu 454, kwa hiyo ratili mbili hazifiki hata kilo moja. Mdogo wangu aliweka kilo mbili nzima za nyama kwa slesi 3 na yai 1. Halafu ile 350 ni ya Farenhaiti, sawa na nyuzi 177 za Selsiasi. Oveni yake inaishia 250, na alipoona namba ya mama haipo kwenye kitufe, akakizungusha hadi mwisho.

Tangu siku hiyo nimeacha kuamini kwamba mapishi ya familia "yamekosewa" au kwamba mtu "hana mkono". Mapishi hayo yalikuwa sahihi kwa nyama ile, mkate ule na moto ule. Bucha limebadilika, mkate wa dukani umebadilika, jiko limebadilika, ukurasa umebaki vile vile. Mkate wa nyama ukikuharibikia, usitupe daftari. Angalia ulivyoharibika, utakuonyesha ni kipi kati ya vitatu kimehama: nyama, maji au moto.

Wamarekani ndio walioufanya mkate wa nyama uwe mlo wa nyumbani unaojulikana sana, hasa miaka ya 1930 uchumi ulipoanguka na kila familia ikatafuta namna ya kufanya nyama kidogo ishibishe watu wengi. Wajerumani wana wao wenye mayai ndani, wanauita Falscher Hase, yaani sungura wa uongo, na Afrika Kusini kuna bobotie, nyama ya kusaga yenye viungo iliyookwa. Sisi hatuna sababu ya kuuogopa, maana mchanganyiko wake ni ndugu wa kababu: kima, mkate uliolowekwa, yai, kitunguu. Tofauti ni kwamba kababu inaingia kwenye mafuta dakika chache na kutoka, mkate wa nyama unakaa motoni saa nzima. Kosa ambalo kababu inalificha, humu linajitokeza lote.

Ili tuongee lugha moja, hiki ndicho kipimo ninachoanzia. Nyama ya kusaga kilo 1, slesi 4 za mkate mweupe (karibu gramu 100), maziwa mililita 150, mayai 2, vitunguu maji 2 vya wastani vilivyokaangwa vikalainika na kupoa, kitunguu saumu punje 4, chumvi vijiko 2 vya chai visivyo na kilima, pilipili manga nusu kijiko cha chai. Giligilani, binzari nyembamba, pilipili mbuzi, hivyo ni vya kwenu, weka mlivyozoea.

Mkavu, unakwama kooni

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na kwa Afrika Mashariki chanzo chake mara nyingi kiko buchani.

Mapishi mengi ya mkate wa nyama yanakusudia nyama ya kusaga yenye mafuta kama asilimia 15 hadi 20. Ng'ombe wetu wengi ni zebu wanaotembea kutafuta malisho. Misuli yao ni mikavu, na mafuta yao hayakai katikati ya nyama bali yamekusanyika sehemu zake: kwenye nundu, kifuani, kuzunguka figo. Sasa mtu anakwenda bucha anasema "nisagie steki kilo moja", akiamini amenunua nyama bora. Amenunua mnofu mtupu. Kwa rosti ni nyama nzuri sana. Kwa mkate wa nyama, hakuna cha kuulainisha.

Mimi naomba gramu 800 za mkono au kidari na gramu 200 za nundu, visagwe pamoja. Muuzaji wangu ameshanizoea. Akiniona anaishusha nundu kwenye ndoano, anaipapasa kwa kidole gumba, halafu anakata upande ule ambao ndani yake weupe na wekundu vimepishana kama kitambaa cha mistari. "Leo iko laini, mama," ananiambia, na huwa hakosei. Mafuta ya figo sichukui. Yanaganda upesi, na mkate ukipoa kidogo tu mezani yanajipaka kwenye kaakaa la mlaji.

Ukiwa na mapishi ya Kimarekani yanayotaka nyama tatu, yaani ya ng'ombe, ya ndama na ya nguruwe, na nyumbani kwenu nguruwe haliwi, usikate tamaa. Kazi ya nguruwe humo ni mafuta, na nundu inaifanya. Kazi ya ndama ni ule ute unaoganda kama jeli, unaoshika maji ya nyama yasikimbie, na huo unao kwenye supu ya makongoro. Chemsha makongoro, chuja supu, iache usiku kucha kwenye friji mpaka itetemeke, kisha tumia mililita 150 za jeli hiyo mahali pa maziwa. Ikifika motoni inayeyuka taratibu ndani ya mkate na kuacha utamu unaonata mdomoni. Nimejaribu mara nyingi, na kwa nyama kavu hakuna dawa nzuri kuliko hii.

Kama nyama yako ilikuwa na mafuta na bado mkate umetoka mkavu, angalia mkate wa ngano ulioweka. Nyuzi za nyama zikipata moto zinajikunja na kukamua maji yaliyo ndani yake, kama unavyokamua nguo. Mkate uliolowekwa unakaa katikati ya nyuzi, unazizuia zisikazane, na unadaka maji yanayotoka. Lakini ukimwaga chenga kavu za mkate, zile za kuzungushia katlesi, bila kuzilowesha, zinafanya kinyume: zinayanyonya maji ya nyama kabla hata hujawasha moto. Loweka slesi kwenye maziwa dakika 10, ziponde kwa uma mpaka ziwe kama uji mzito usio na mabonge, ndipo vingine vifuate. Maziwa yakikosekana, maji au mtindi uliopunguzwa makali kwa maji unafaa.

Sababu ya tatu ni kuuacha motoni mpaka "uhakikishe". Nyama ya ng'ombe ya kusaga iko salama katikati yake inapofika nyuzi 71 za Selsiasi. Ukifika 85 umeikamua bila faida. Kipimajoto cha nyama hakina mbadala wa kweli hapa. Kichomeke kutoka ubavuni mpaka ncha ifike katikati kabisa, isiguse bati.

Unabomoka ukikatwa

Dawa ya kwanza haina gharama: subiri. Mkate unaotoka motoni bado ni wa moto sana ndani, mafuta ni maji matupu na ute haujashika. Ukiukata hapo hapo utamwaga mchuzi wote kwenye sinia na vipande vitaanguka. Uache dakika 15, umefunikwa foili kwa ulegevu. Kata kwa kisu kirefu chenye makali, kwa kuvuta, usikandamize.

Ukibomoka hata baada ya kupumzika, kuna kitu hakijashikamana. Chunguza kipande kilichoanguka. Ukiona kimeachia penye kipande cha kitunguu au hoho, mboga zako zilikatwa kubwa mno. Kila kipande kikubwa ni ufa unaongoja kisu. Zikate ndogo kama punje za mchele na uzikaange kwanza. Ukiona bonge jeupe la mkate, hukuponda vizuri. Ukiona nyama yenyewe imekuwa punjepunje kama chenga za mchele, hapo tatizo ni usagaji.

Nitakaa kidogo kwenye usagaji, maana watu wengi hawaujui. Mashine ya bucha yenye kisu butu haikati nyama, inaiponda. Utaijua kwa macho: nyama inayotoka kwenye kisu kikali inashuka kama nyuzi zinazotofautiana, nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Inayotoka kwenye kisu butu inashuka kama uji wa rangi moja ya pinki, na mara nyingi ina kano zilizojiviringisha kwenye chujio. Mafuta yaliyopondwa hivyo yanajipaka kwenye nyama yote na kuzuia protini zisishikane. Joto linaongeza ubaya, kwani nyama iliyotundikwa tangu alfajiri ikisagwa saa 8 mchana mafuta yake yameshalegea. Nenda bucha mapema, au nunua nyama na nundu, vikate vipande nyumbani, vitie kwenye friza nusu saa mpaka kingo zianze kukaza, ndipo usage. Omba isagwe mara moja kwa chujio la matundu makubwa.

Kabla ya kuunda, jaribu hivi. Chukua donge la ukubwa wa limau, libonyeze kwenye kiganja, kisha geuza kiganja kiangalie chini. Likiganda hapo sekunde tano, liko sawa. Likianguka papo hapo, ongeza yai moja au ponda slesi nyingine. Likinata kama gundi, soma sehemu inayofuata.

Mgumu, unadunda kama mpira

Hapa mkono umefanya kazi kupita kiasi. Chumvi ikikutana na nyama ya kusaga na ukaanza kukanda, inayeyusha protini za msuli na kuzigeuza ute unaonata. Ndivyo soseji inavyotengenezwa, na ndivyo mwenye kababu za mishikaki anavyotaka, kwa sababu nyama yake lazima iung'ang'anie mshikaki juu ya makaa. Mtu aliyelelewa kwenye kababu za namna hiyo anaingia kwenye mkate wa nyama na mkono ule ule: anakanda, anapigapiga bakuli, anasubiri inate. Anapata soseji yenye umbo la mkate.

Fanya hivi. Mkate uliopondwa, maziwa, mayai, chumvi, viungo na kitunguu kilichopoa, vyote vichanganye kwanza bila nyama mpaka viwe kitu kimoja. Nyama iwe baridi. Imeguemegue juu yake. Tanua vidole kama reki, chota kutoka chini ukigeuza juu, na uache mara tu usipoona tena michirizi ya uji mweupe. Kwa kilo moja hiyo ni kazi ya dakika moja tu. Ukiunda mkate, upapase usawazike, usiukandamize.

Ugumu unaletwa pia na mayai mengi. Kuna nyumba zinaweka manne kwa kilo kwa kuogopa kubomoka, na mkate unakuwa kama kimanda kilichopikwa mno. Na wanaoweka unga wa ngano mahali pa mkate wanapata kitu kizito kinachonata menoni. Kama huna mkate, kiazi mviringo kilichochemshwa na kupondwa kinakubali vizuri zaidi, mradi uwe umekimwaga maji yote na kupoa.

Umeogelea kwenye maji

Kwanza jua ni maji au mafuta. Mimina kile kilichotoka kwenye glasi, kiache kipoe. Mafuta yatapanda juu na kuganda, maji yatabaki chini. Mafuta yakiwa vidole viwili, nundu ilizidi. Maji yakiwa mengi, tafuta yalikotoka. Nyama iliyogandishwa kwenye friza huchanwa na fuwele za barafu, na ikiyeyuka inaachia maji mekundu. Iyeyushe kwenye friji usiku kucha ndani ya chujio, umwage yale maji, usiyarudishe. Kitunguu kibichi na karoti ya kukwaruza ni visima vidogo, nyanya mbichi ni kisima kikubwa. Vikaange mpaka maji yake yaishe na sauti kwenye kikaango ibadilike kutoka ya kutokota hadi ya kukaangika.

Ule utando mweupe wenye povu unaojitokeza ubavuni ni protini iliyotoka na maji ikaganda. Hauna madhara. Ufute kwa karatasi ya jikoni kabla ya kupaka sosi.

Na bati lenyewe linachangia. Ukipika kwenye bati lenye kina, la mkate wa slesi, kila kinachotoka kinabaki humo na nyama inachemka badala ya kuoka. Ubavu unakuwa wa kijivu na laini kama nyama ya supu. Unda mkate kwa mkono juu ya sinia la kuokea, kimo chake kisizidi sentimita 7, na joto litauzunguka pande zote. Kama unapenda umbo la bati, panga slesi mbili za mkate mkavu chini yake zinywe mafuta. Nyumbani kwangu watoto wanazigombania hizo slesi kuliko nyama.

Nje umeungua, ndani mbichi

Kwa wenye oveni, tatizo ni kitufe. Oveni ndogo za umeme zinazokaa juu ya meza zina waya wa joto karibu sana na chakula, na namba zilizochorwa hazilingani na joto la ndani. Nunua kipimajoto cha kuning'iniza ndani ya oveni, kitakuonyesha kama 180 yako kweli ni 180. Weka sinia ngazi ya katikati au ya chini, funika mkate kwa foili nusu ya kwanza ya muda. Mkate mmoja wa kilo nzima kwa nyuzi 180 unataka kati ya saa 1 na saa 1 na robo. Ukigawa kilo hiyo mikate miwili, kila mmoja unaiva kwa dakika 40 hadi 45, na mimi napendelea hivyo: moto unafika katikati kabla nje haijachoka.

Kwa wenye jiko la mkaa, na ni wengi, mkate huu unaoka vizuri kabisa. Bibi zetu waliokea keki kwenye mkaa kabla ya oveni kuingia nyumbani. Chukua sufuria kubwa nzito, mwaga mchanga mkavu uliochekechwa unene wa sentimita 2, weka vijiwe vitatu, juu yake bati lako dogo, funika kwa mfuniko bapa, panga makaa juu ya mfuniko. Kosa linaloharibu mikate mingi ni kuacha moto wa chini uleule wa kupikia ugali. Kuoka kunataka makaa mengi juu na machache chini. Gawa makaa mafungu matatu, mawili yapande juu, moja libaki chini, na hilo la chini lisambaze lizunguke ukingoni, lisirundikane katikati.

Kabla ya kuingiza nyama, pima. Weka kijiko cha unga wa ngano kwenye kisahani cha bati ndani ya sufuria iliyokwisha kupata moto, funika dakika 5. Unga ukiwa bado mweupe, moto mdogo. Ukiwa wa rangi ya chai ya maziwa, ingiza mkate. Ukiwa wa kahawia iliyoiva, ondoa makaa kadhaa. Baada ya nusu saa makaa ya juu yanakuwa majivu, kwa hiyo uwe na mengine yaliyokolea pembeni ya kubadilisha. Yote haya yafanyie nje au penye hewa ya wazi. Moshi usioonekana wa mkaa unaua, na hauna harufu ya kukutahadharisha.

Asiye na kipimajoto achomeke kisu chembamba katikati ya mkate, ahesabu hadi kumi, akiguse nyuma ya kiganja. Kikiwa vuguvugu, bado. Kikikufanya uondoe mkono, umekaribia, ongeza dakika 10. Haya ni makadirio. Kama mezani kuna mtoto mdogo, mjamzito au mzee, nakuomba utafute kipimajoto. Nyama nzima ikichafuka, vijidudu viko juu na moto unavifikia kwanza. Nyama ikisagwa, kilichokuwa juu kimezikwa katikati.

Umeiva lakini ndani ni wa pinki

Watu wanashtuka na kuurudisha motoni mpaka unakauka. Kama kipimajoto kimesoma 71, upinki hauna ubaya. Hewa inayotoka kwenye mkaa au gesi inashikamana na rangi ya nyama na kuifanya ibaki nyekundu, hasa kingoni, na nitrati iliyomo kwenye baadhi ya mboga inafanya hivyo hivyo katikati. Kinyume chake ndicho cha kuogopa: nyama ya kusaga inaweza kugeuka kahawia kabla haijafika joto la usalama, hasa ikiwa ilikaa muda mrefu ikipigwa na hewa. Rangi isikupe uhakika wala hofu.

Juu umepasuka

Moto ulikuwa mkali mwanzoni, au mchanganyiko ulikuwa mkavu, au uliacha mifuko ya hewa ulipounda. Lowesha mikono, upapase uso wote mpaka ung'ae kama udongo wa mfinyanzi, ziba kila kiufa kwa kidole. Nyufa ndogo zitafunikwa na sosi.

Na sosi isipakwe mwanzoni. Sosi ya nyanya ya chupa ina sukari nyingi, na ikikaa motoni saa nzima inakuwa nyeusi na chungu. Ipake dakika 20 za mwisho, tena mara mbili, nyembamba nyembamba. Mimi nachemsha ukwaju uliochujwa, sukari guru kidogo, nyanya ya kopo na pilipili mpaka sosi ishike mgongo wa kijiko. Uchachu wa ukwaju unakata mafuta ya nundu, na watu wanaongeza kipande cha pili.

Yai la katikati limeacha shimo

Wanaoweka mayai ya kuchemsha ndani, kama yale ya kuzungushiwa nyama yanayouzwa pamoja na sambusa, wanapata shida mbili. Yai linachomoka kipande kikikatwa, na kiini kina pete ya kijani. Pete inatoka kwa yai kupikwa mara mbili: salfa ya ute mweupe inakutana na chuma cha kiini. Chemsha mayai dakika 7 tu, yatumbukize kwenye maji baridi, yamenye, yakaushe kwa kitambaa, yaviringishe kwenye unga wa ngano. Unga ndio unaoshika nyama kwenye yai. Weka nusu ya nyama, yapange kichwa kwa kichwa, funika kwa nusu iliyobaki ukibonyeza taratibu ubavuni pasibaki nafasi.

Hauna ladha

Nyama mbichi hatuionji, na "chumvi kiasi" ya mama ilikuwa kwenye vidole vyake. Kabla ya kuunda, kata kidonge cha ukubwa wa sarafu, kikaange kwenye kikaango, onja, rekebisha. Onja kikiwa kimepoa kidogo, maana chakula cha moto sana kinaficha chumvi. Nilipofanya hivyo mara tatu mfululizo nikiwa na mizani pembeni, "kiasi" cha mama kikatoka gramu 11 kwa kilo. Nimekiandika kwa penseli pembeni ya mwandiko wake, bila kufuta neno lake.

Kesho yake umekuwa mgumu na unanuka mafuta

Usiuache mezani zaidi ya saa mbili, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, saa moja inatosha. Uingize kwenye friji ukiwa mzima, umefungwa vizuri, utakaa siku tatu hadi nne. Kata vipande ukiwa baridi, ndipo vinatoka bapa na safi. Usivipashe kwenye maikrowevu vikiwa vikavu. Weka kikaango kwenye moto wa wastani, matone machache ya mafuta, lete kipande chenye unene wa kidole, kiache mpaka upande wa chini uwe na ukoko wa kahawia, kigeuze, nyunyiza kijiko cha maji ukingoni, funika dakika mbili mpaka katikati pawe pa moto kabisa. Mdogo wangu anakiweka hivyo ndani ya chapati pamoja na kachumbari, na tangu alipopata mizani, mkate wake wa kilo moja haufiki siku ya pili.